Mmeokolewa, mnaokolewa, mtaokolewa: kuchagua kanisa Nairobi

Binti ya kaka yangu yuko Nairobi kwa masomo, anakaa na wenzake wawili Kahawa West. Mwezi uliopita alikuja kwangu Umoja, tukala, akaanza kuosha vyombo. Akiwa bado amenipa mgongo akaniuliza, "Shangazi, nibatizwe wapi?"

Nikamwambia, "Kwani hukubatizwa? Mimi mwenyewe nilikushika."

"Nilibatizwa mchanga. Wasichana ninaokaa nao wanasema ule haukuwa ubatizo kwa sababu sikuwa nimeamini. Mama anataka niende naye Sabato. Nyanya naye, kabla hajafa, aliniambia nisitoke kanisa letu la Wapresbiteri, PCEA. Na wewe na mjomba kila Jumapili mnaachana pale barabarani, wewe huku, yeye Misa." Akafuta mikono. "Wote wanashika Biblia moja. Mbona mmoja ananiambia niamini tu, mwingine ananiambia nitii, na mwingine ananiambia hakuna ajuaye kama atafika?"

Haya ninayoandika ndiyo niliyomjibu kwa wikendi kadhaa, nikiyapanga kwa ajili ya mtu mwingine aliye na swali kama lake. Nililelewa katika nyumba ya watu wa uamsho, wale waimbao Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, na mume wangu ni Mkatoliki tangu tumboni. Kwa hiyo naupenda upande mmoja na ninaishi na mwingine, na msomaji ataona mahali nilipoegemea.

Kwanza, uongo mmoja uondoke mezani

Watu wengi mtaani husema: Waprotestanti wanaokolewa kwa imani, Wakatoliki kwa matendo, Waadventista kwa Sabato. Ukianza kulinganisha hivyo utachagua vibaya, kwa sababu hakuna hata kanisa moja kati ya haya linalofundisha kwamba mtu anaweza kujiokoa kwa juhudi zake. Mtaguso wa Trento, ule ulioitishwa na Wakatoliki kuwajibu wafuasi wa Luther, ulitoa tamko lake kuhusu kuhesabiwa haki mwezi wa Januari 1547, na kanuni ya kwanza kabisa inamlaani yeyote asemaye kwamba mwanadamu anaweza kupata haki mbele ya Mungu kwa matendo yake bila neema ya Mungu kupitia Yesu Kristo. Waadventista nao, katika imani zao 28 za msingi, wanaandika wazi kwamba wokovu wote ni wa neema wala si wa matendo, na kwamba tunda lake ni utii kwa amri.

Kwa upande wa pili, hakuna kanisa la Kiprotestanti lenye akili timamu linalofundisha imani isiyotii. Ungamo la Augsburg la 1530, ambalo ni msingi wa Walutheri, linafundisha katika kifungu cha nne kwamba tunahesabiwa haki bure kwa ajili ya Kristo, kwa imani. Vifungu viwili tu mbele linafika kwenye utii mpya, likisema imani hiyo lazima izae matunda mema. Wapresbiteri katika Ungamo la Westminster la 1646 wanasema imani ndiyo chombo pekee cha kupokea haki, lakini haiko peke yake kamwe ndani ya mtu aliyehesabiwa haki.

Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji uleule wa Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa kuiamini kazi ya Kristo na si kwa stahili yetu, na kwamba Roho hutufanya wapya na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006, na ushirika wa makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Mume wangu na mimi tulifunga ndoa kabla ya tamko hilo la 1999, na jamaa zetu waligombana juu ya jambo hilihili hadi siku ya kupeleka mahari.

Basi kama wote wanakubaliana kwamba neema ndiyo ya kwanza, wanatofautiana wapi? Mimi naona wanatofautiana katika wakati wa kitenzi.

Me, na, ta

Kiswahili kinatusaidia hapa. Paulo anawaambia Waefeso, "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani." Hiyo ni -me-: imekwisha tendeka, na hali yake ingalipo. Lakini anawaandikia Wakorintho kwamba neno la msalaba ni nguvu ya Mungu "kwetu sisi tunaookolewa." Hiyo ni -na-: inaendelea. Na katika Warumi 5 anasema, "tutaokolewa na ghadhabu kwa yeye." Hiyo ni -ta-: haijafika. Ni mwandishi mmoja na injili moja. Makanisa yetu, kila moja limependa kiambishi chake, likajenga nyumba juu yake.

Hata ugomvi wa Paulo na Yakobo, ambao wahubiri huutumia kupigana, ni wa wakati. Wote wawili wanamtaja Ibrahimu. Paulo, katika Warumi 4, anamtazama katika Mwanzo 15, anapoahidiwa uzao mwingi kama nyota, anaamini, na anahesabiwa haki. Hajatahiriwa, hilo linakuja sura ya 17. Yakobo anamtazama mzee yuleyule miaka mingi baadaye, katika sura ya 22, akiwa mlimani na kisu mkononi na Isaka juu ya kuni, na anasema imani ile ilikamilishwa na matendo. Paulo anajibu swali la mtu anayegonga mlango: niingie na nini? Yakobo anajibu swali la mtu ambaye amekaa ndani muda mrefu, ndugu yake yuko uchi, naye anamwambia tu nenda kwa amani, ukaote moto. Ukimpa wa kwanza jibu la wa pili utamkatisha tamaa. Ukimpa wa pili jibu la wa kwanza utamlaza usingizi.

Wa -me-: makanisa ya kipentekoste, na watu wa uamsho

Ukiwa ndani ya matatu ya asubuhi na mhubiri akasimama katikati ya viti, swali lake huwa hili: umeokoka? Analiuliza kana kwamba lina jibu la ndiyo au la, na katika mapokeo yake lina jibu hilo. Unaitwa mbele, unaongozwa sala ya toba, na tangu saa hiyo unasema "nimeokoka." Nguvu ya mafundisho haya ni yule mhalifu msalabani katika Luka 23. Hakuwa na siku moja ya utii ya kuonyesha. Alisema sentensi mbili tatu, akajibiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Mtu aliyechoka na nafsi yake, aliyetoka usiku mbaya, anahitaji kuambiwa -me- kabla ya kuambiwa lolote lingine. Nimeona walevi wa mtaa wetu wakinyooka kwa neno hilo baada ya mahubiri mengine yote kushindwa.

Udhaifu wake binti yetu aliuona mwenyewe bila kusaidiwa. "Wananiambia nimeokoka bure," alisema, "halafu wiki ya pili wananipa orodha." Suruali, nywele, muziki, fungu la kumi, mkesha wa Ijumaa. Tatizo si orodha, maana kila kanisa lina yake. Tatizo ni kwamba haikufundishwa inatoka wapi, kwa hiyo kijana anaichukua kama ada ya kubaki ndani. Wengi wa Wapentekoste wamerithi kwa John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, na vuguvugu la utakatifu wazo kwamba mtu aliyeokoka anaweza kurudi nyuma na kupotea. Ukiunganisha "nimeokoka Jumapili" na "naweza kupotea Jumanne," bila mafundisho ya katikati, unapata kijana anayekwenda mbele kila mwito, mwaka mzima, akiokoka upya kila mara.

Na kuna lile la kupanda mbegu. Mhubiri anayekuambia utume pesa kwa M-Pesa kama tendo la utii ili Mungu afungue mlango wako, huyo ametoka kwenye mjadala huu kabisa. Hajafundisha imani wala matendo, amefundisha biashara. Ukilisikia hilo, usilinganishe zaidi, ondoka.

Watu wa uamsho ni jambo lingine, na hapa nitakaa kidogo. Uamsho ulianza Gahini, Rwanda, na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, ukaingia Kenya miaka ya 1930 ndani ya makanisa yaliyokuwepo, Waanglikana na Wapresbiteri na Wamethodisti. Hawakuanzisha kanisa. Walibaki viti vilevile, wakakutana kando kwa ushirika, wakiungama wazi, na walichokiita kutembea nuruni kilikuwa toba ya kila siku. Wakati wa dharura ya miaka ya 1950, wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau na pia walikataa kubeba bunduki ya serikali, na wengine waliuawa kwa hilo. Utii wao ulikuwa na gharama, lakini hukuwasikia wakiuita tiketi.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alipokuwa msichana alifanya kazi katika duka la nguo Karatina, akachukua yadi mbili za kitambaa bila kulipa. Miaka kadhaa baadaye aliokoka, na pesa za kahawa zilipotoka alitembea hadi pale dukani na kuzilipa. Mwenye duka alikuwa amesahau. Alimwambia aende zake. Mama akaziweka mezani na kuondoka. Nilipomuuliza kama alikuwa anaogopa kwamba asipolipa hataingia mbinguni, alinishangaa. "Deni kubwa lilikwisha lipwa," alisema. "Hili dogo nilifichie nini?"

Sijapata maelezo ya Waefeso 2 yanayozidi hayo. Aya ya 8 na ya 9 zinasema si kwa matendo; ya 10 inasema tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Watoto wetu wa shule ya Jumapili hukariri mbili za kwanza na kuachia hapo.

Wa -li-: PCEA na ndugu zake

Wapresbiteri, kwa urithi wao wa Kalvini, wanakwenda nyuma zaidi ya -me-. Mungu alichagua, kabla hujazaliwa. Ndiyo maana wanabatiza watoto: ahadi ilikuwa ya Mungu kabla haijawa yako. Na ndiyo maana Westminster inasema wale ambao Mungu amewakubali katika Mwanawe hawawezi kuanguka kabisa wala mpaka mwisho. Wanaweza kuanguka vibaya, kama Daudi na Petro, lakini watainuliwa. Utii hapa ni dalili kwamba umeshikwa, si kamba ya kujishikilia.

Ni mafundisho ya kumtuliza mtu mwenye dhamiri inayomuuma usiku. Hatari yake ni ubaridi. Mtoto anabatizwa, anasoma katekumeno, anapokea Meza ya Bwana, na hakuna aliyewahi kumtazama machoni na kumuuliza kama anamwamini Yesu. Nasema hivi kwa upendo, ni kanisa langu.

Walutheri wako karibu, na kanisa lao kuu Nairobi liko kando ya Uhuru Highway. Wao wanashikilia kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja hadi kaburini, kwa hiyo wanatilia shaka sana mtu anayehesabu hatua zake za utakatifu. Waanglikana, katika Vifungu vyao 39, wanasema matendo mema hutoka katika imani hai kwa lazima, kama mti unavyotambuliwa kwa matunda. Ukiingia All Saints Cathedral kwa mara ya kwanza, utayasikia hayo zaidi ndani ya sala za kitabu kuliko ndani ya mahubiri.

Wa -na-: Wakatoliki, na Waorthodoksi

Mume wangu hasemi "nimeokoka." Akiulizwa na mhubiri wa matatu anajibu, "Naendelea," na hasemi hivyo kukwepa. Kwa Wakatoliki, ubatizo unamwaga neema ndani ya mtu, bure kabisa, hata kwa kichanga asiyeweza kutenda lolote. Baada ya hapo neema hiyo inakua. Inakua kwa Ekaristi, kwa sala, kwa kumtunza mgonjwa, kwa kusamehe. Matendo hayo yanahesabika, wanasema, kwa sababu ni Kristo anayeyatenda ndani yako. Neema hiyo inaweza pia kupotezwa kwa dhambi ya mauti, na kurudishwa kwa kitubio, yaani kumwungamia padre dhambi. Trento ilifundisha kwamba hakuna awezaye kujua kwa uhakika usiokosea kwamba yumo katika neema. Ndiyo sababu binti yetu alisikia "hakuna ajuaye kama atafika." Mume wangu anasema neno hilo limekatwa mkia: hakuna ajuaye kwa kujiamini, lakini kuna tumaini kwa kumwamini Mungu.

Miaka mingi nilidhani mafundisho haya yanamweka mtu katika hofu. Sasa naona yanamweka katika mazoea, jambo ambalo lina uzuri wake na hatari yake. Uzuri ni kwamba siku ambayo huhisi lolote, bado kuna la kufanya: jumuiya inakutana, Misa ipo, padre yupo kwenye kitubio. Mtu wa -me- akikauka moyo hudhani hakuwahi kuokoka. Mtu wa -na- akikauka huenda tu kanisani. Hatari ni kwamba anaweza kwenda miaka 30 bila kugundua kwamba amekauka.

Waorthodoksi watu hawawafikirii wanapochagua, na ni kosa. Wako hapahapa, na seminari yao iko Riruta. Kwao wokovu ni uponyaji: dhambi ni ugonjwa, kanisa ni hospitali, saumu na sala ni matibabu, na afya kamili ni kuwa "washirika wa tabia ya Uungu," kama asemavyo Petro katika waraka wa pili. Mgonjwa anayemeza dawa hasemi kwamba amejiponya, wala asiyeimeza hawezi kusema anamwamini daktari. Huo ndio mfano mwepesi kuliko yote ninayoijua wa jinsi imani na utii vinavyokaa pamoja.

Wa -ta-: Waadventista wa Sabato

Wifi yangu ni Mwadventista wa Kisii, na kwa haki yake niseme kwamba katika jamaa yetu yote hakuna anayeishi imani yake kwa utaratibu kama yeye. Ijumaa jua likitua, nyumba imetulia, chakula kimeshapikwa. Aya yao ni Ufunuo 14:12, inayowataja watakatifu "wazishikao amri za Mungu, na imani ya Yesu." Vyote viwili kwa pumzi moja. Wanaamini kwamba tangu 1844 Kristo yumo katika hatua ya mwisho ya huduma yake mbinguni, ambayo ndani yake kuna hukumu inayotangulia kurudi kwake, kwa hiyo macho yao yako mbele, kwenye siku ile. Amri kumi zote zinasimama, ya nne pia.

Je, wanafundisha kuokolewa kwa sheria? Walijiuliza wenyewe swali hilo. Mwaka 1888, katika mkutano mkuu wao huko Minneapolis, wahubiri wawili, Jones na Waggoner, walisimama kusema kwamba kanisa limehubiri sheria hadi likakauka, na kwamba haki ni ya Kristo, kwa imani. Kulikuwa na mabishano makali. Ujumbe wao haukufutika, na katika kanisa zuri la Kiadventista utausikia hadi leo. Katika kanisa lisilo zuri utasikia kuhusu nyama ya nguruwe, hereni na nani alionekana sokoni Jumamosi. Tofauti ya hayo mawili huwezi kuijua kwa kusoma imani 28. Lazima ukae nao robo mwaka, uone wanavyooshana miguu kabla ya Meza ya Bwana, na uone kama wanaotazamana kwa macho makali ndio wanaoinama kuoshana.

Ukianguka Jumatano

Nilimwambia binti yetu asiulize kanisa lolote "mnaamini nini kuhusu imani na matendo." Atapewa kijitabu. Aulize: nikianguka Jumatano, Alhamisi mtanifanyia nini?

Katika kanisa Katoliki ataambiwa aende kitubio. Ni siri kamili, padre hawezi kuitoa hata mahakamani. Katika ushirika wa uamsho atasimama kati ya ndugu na kusema, nao wataimba. Ni uponyaji mkubwa kwa wengine, na kwa wengine ni mzigo, hasa ushirika ukiwa na midomo. Kwa Wapentekoste ataitwa mbele Jumapili, ataombewa kwa mikono, na akibahatika atapata mama mmoja wa kumpigia simu wiki nzima. Kwa Waadventista, jambo zito linaweza kufika kwenye kikao cha washiriki, akaondolewa kwenye orodha kwa kura, na kurudi kwake kwa kawaida ni kwa ubatizo tena. Kwa Wapresbiteri na Waanglikana kuna ungamo la pamoja ndani ya ibada, na kwa jambo zito kuna kuzuiwa kwenye Meza ya Bwana kwa muda.

Hili la mwisho linaniuma. Nilipokuwa kidato cha tatu, rafiki yangu alipata mimba. Kanisa, sitalitaja, lilimkalisha kiti cha nyuma karibu mwaka mzima. Mvulana aliyempa mimba aliendelea kuimba kwenye kwaya. Kila Jumapili nilimwona akipiga makofi mbele huku rafiki yangu yuko nyuma na tumbo lake. Nidhamu ya kanisa ni ya Biblia, siikatai. Lakini utii unaodaiwa kwa mwili wa msichana peke yake si utii ambao Paulo aliuita kujitiisha kwa imani. Rafiki yangu hakurudi tena kanisani, lolote lile. Kwa hiyo uliza kanisa linafanya nini na msichana, na linafanya nini na mvulana.

Utii, lakini kwa nani?

Nchi hii imeumia mara mbili kwa kuchanganya utii kwa Mungu na utii kwa mtu anayesema kwa niaba yake, na anayechagua kanisa anapaswa kuzijua zote mbili.

Mwaka 1929, misheni kadhaa za Kiprotestanti katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka waumini watie kidole gumba, *kirore*, kuapa kwamba wanakataa ukeketaji. Asiyetia, hakuna Meza, na wengi watoto wao wakakosa shule. Wamisionari walikuwa sahihi kuhusu ukeketaji. Ni uovu, na sheria ya Kenya ya 2011 imeupiga marufuku. Lakini alama ya kidole gumba iligeuzwa kuwa kipimo cha kama mtu ni Mkristo, na waliokataa waliona kwamba wanaombwa kumtii Mzungu kwa jina la Kristo. Walitoka kwa wingi, wakajenga shule na makanisa yao. Baadhi yao walimwita Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, akaja mwaka 1935 na kuwafundisha makasisi wao, na huko ndiko mizizi ya Waorthodoksi wa Kenya ilikotoka. Jambo jema likidaiwa kwa njia hiyo linaweza kulipasua kanisa.

Ya pili ni ya juzi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Walikuwemo watoto. Wale watu hawakukosa imani, wala hawakukosa utii. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba Mungu alikwisha mzuia Ibrahimu mkono.

Katika kanisa unalolifikiria, angalia kama mchungaji anaweza kuambiwa "hapana" na mtu yeyote: baraza la wazee, askofu, halmashauri, ndugu wa ushirika. Kama hayupo, hata mafundisho yao ya imani yawe mazuri vipi, usiingie.

Na ubatizo sasa

Kwa mtu aliyebatizwa mchanga, uchaguzi wenyewe kwa vitendo uko hivi. PCEA, Anglikana na Lutheri wanauheshimu ubatizo huo. Kinachobaki ni mafundisho na kipaimara au kupokelewa kwenye Meza ya Bwana. Kanisa Katoliki nalo halimbatizi tena mtu aliyebatizwa kwa maji na kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Litampa mafundisho, kisha litampokea kwa kukiri imani, kipaimara na Ekaristi, mara nyingi wakati wa Pasaka. Wapentekoste na Waadventista watataka azamishwe kwenye maji mengi baada ya kukiri mwenyewe, na hawatauita ubatizo wa pili; kwao ndio wa kwanza.

Kwa hiyo swali lake la "nibatizwe wapi" lina swali lingine chini yake: je, siku ile nilipomshika mbele ya kanisa, akiwa na miezi mitatu na amelala, Mungu alitenda jambo au hakutenda? Mimi naamini alitenda. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia pia kwamba mama yake anaamini kinyume, na kwamba mama yake anampenda Kristo kuliko mimi ninavyompenda siku nyingi.

Hadi sasa ameuliza swali la Jumatano katika makanisa matatu. Katika moja, kiongozi wa vijana alicheka, akasema, "Kwa nini upange kuanguka?" Hapo amepafuta. Katika la pili katekista mzee alikaa kimya kidogo, kisha akamwambia, "Utakuja, na utanikuta. Mimi nimeanguka mara nyingi." Katika la tatu, kanisa la mama yake, walimpa kiti, wakafungua Biblia, na wakakaa naye saa mbili, alirudi na kurasa nne za aya.

Hajaamua. Jana alinitumia ujumbe akiomba cheti chake cha ubatizo, maana ofisi mbili kati ya hizo zimemwambia akilete. Nimefungua sanduku la mama. Kiko chini ya kitabu chake cha nyimbo, kimekunjwa mara mbili, jina limeandikwa kwa wino wa buluu na jina langu chini yake kama msimamizi. Kesho nitakipiga fotokopi, na asili yake nitampelekea Kahawa West mwenyewe.